Mwanafunzi wa kwanza katika ukoo wake ndani ya vyuo vya Weusi Marekani: nani humpa jembe?

Mkwezi wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nimefanya kazi miaka tisa katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi ya chuo kimoja cha Weusi kusini mwa Marekani, chuo ambacho sitakitaja, na katika miaka hiyo kuna swali moja ambalo wazazi wenye asili ya kwetu wameniuliza mara nyingi. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumaliza chuo kikuu, akipelekwa mahali ambapo karibu kila mtu anafanana naye, je, atajisikia yuko kwao? Jibu langu la siku zote ni kwamba atakaribishwa vizuri mno, ila kukaribishwa ni jambo moja na kuwa mwenyeji ni jambo jingine. Uzi huu nimeufungua ili tujadili yanayotokea katikati ya hayo mawili.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Vyuo vya kihistoria vya Weusi, ambavyo Wamarekani huviita kwa kifupi HBCU, ni vile vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Ndivyo inavyoeleza sheria ya elimu ya juu ya 1965. Viko takriban mia moja, vimetawanyika katika majimbo 19 pamoja na Washington na Visiwa vya Virgin, na vingi viko kusini, kule ambako utumwa ulikuwa na mizizi mirefu zaidi. Kikongwe kati yavyo, Cheyney cha Pennsylvania, kilianza mwaka 1837, wakati ambapo Weusi wengi wa nchi hiyo walikuwa bado ni mali ya watu wengine. Mwanafunzi wa kizazi cha kwanza naye, kwa kipimo cha mipango ya serikali kuu ya kuwasaidia wanafunzi wa aina hiyo, ni yule ambaye hakuna mzazi wake aliyepata shahada ya kwanza. Kitazameni vizuri kipimo hicho. Mama aliyesoma chuo mwaka mmoja na nusu kisha akaacha kwa kukosa ada hahesabiwi kuwa amemfungulia mwanawe njia, ingawa pengine ndiye ajuaye kuliko wote mahali shimo lilipo.

Hapo mwanzo karibu kila aliyeingia katika vyuo hivi alikuwa wa kizazi cha kwanza, kwa kuwa majimbo mengi ya kusini yalikuwa na sheria zilizokataza hata kumfundisha mtumwa kusoma. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alifika chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1872, sehemu ya safari akiwa ameikata kwa miguu. Kwa maelezo yake mwenyewe, mtihani wa kumpokea ulikuwa ni kufagia chumba. Alikifagia mara tatu, akafuta vumbi mara nne, kisha akapewa nafasi ya kusoma pamoja na kazi ya usafi wa jengo iliyomsaidia kulipia gharama zake. Naomba mlikumbuke fagio hilo.

Miaka mia na hamsini baadaye hali imebadilika kwa namna ambayo mtu wa nje haioni kwa urahisi: vyuo hivi sasa vina warithi. Katika darasa moja la mwaka wa kwanza utamkuta kijana ambaye bibi yake, mama yake na shangazi zake wawili walilala katika bweni lilelile, ambaye wimbo wa chuo aliusikia akiwa bado anabebwa, na ambaye tangu ana miaka sita amekuwa akiletwa kila vuli kwenye sherehe za marejeo ya wahitimu kutazama bendi ikipita. Anajua ni mti gani wanaukalia wakubwa na ni ngazi zipi hazikanyagwi na mgeni. Pembeni yake ameketi msichana aliyefika kwa basi usiku na mabegi mawili. Rangi yao ni moja, na mara nyingi kanisa lao ni moja, lakini mmoja amerudi kwao na mwingine amekuja ugenini. Tofauti hii ya tabaka si ngeni, E. Franklin Frazier, mwanasosholojia aliyefundisha Howard, chuo cha Weusi mjini Washington, aliwachambua kwa ukali Weusi wa tabaka la kati tangu miaka ya 1950, na baadhi yao hawakumsamehe.

Wiki ya kwanza huwa ni shangwe tupu. Kuna nyimbo, kuna hotuba, kuna hafla ambazo wanafunzi wapya huvaa mavazi meupe au suti nyeusi. Kule Atlanta, Morehouse na Spelman wana taratibu rasmi ya kuagana ambapo wazazi huwakabidhi watoto wao kwa chuo kisha wakaondoka, na wengi huondoka wakilia. Mimi mwenyewe nimehudhuria hafla za namna hiyo katika chuo chetu, na sitasema kwamba hazina maana, kwa sababu nimeona vijana wakubwa wakibubujikwa na machozi kwa kuambiwa mara ya kwanza maishani kwamba walisubiriwa. Msichana mmoja kutoka mji mdogo wa Mississippi, hata hivyo, aliniambia kwamba wiki nzima alikuwa akifungua na kufumba mdomo wakati wa wimbo wa chuo, akijifanya anaimba. Hakuna aliyemcheka, lakini hata wa kumfundisha maneno hakutokea, kwa sababu kila aliyesimama jirani yake alidhani anayajua.

Hicho ndicho kiini cha matatizo mengi niliyoyaona mezani pangu: mambo ambayo kila mtu anadhani kila mtu anayajua. Mhadhiri hutangaza saa ambazo ataketi ofisini kuonana na wanafunzi. Mrithi huzielewa kuwa ni saa za kwenda kujitambulisha, kuuliza kuhusu nafasi ya kazi ya utafiti, hata kupiga soga. Mwanafunzi wa kizazi cha kwanza huzielewa kama alivyoielewa ofisi ya mwalimu mkuu shuleni kwao, yaani mahali anapoitwa aliyekosea, na kwa hiyo huzikwepa kwa bidii hadi muhula unakwisha. Ndivyo ilivyo pia kwa kuomba barua ya mapendekezo, kwa kuacha somo kabla ya tarehe ya mwisho ili lisiharibu wastani, na kwa kumwambia mshauri ukweli badala ya kusema, kwa adabu nzuri ya nyumbani, kwamba kila kitu kinaendelea vizuri.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na watu wengi huutumia msemo huo kumsuta mgeni mvivu. Mimi nimekuja kuuelewa kinyume chake. Jembe ndilo linalomtoa mgeni katika ugeni, kwa sababu anayelima shamba la nyumba ile ana haki ya kuuliza chumvi iko wapi. Katika miaka tisa, wale niliowaona wakishika mizizi upesi ni wale waliopewa kazi ndogo yenye kutegemewa na wenzao, kama lile fagio la Washington, mara nyingi kuliko waliohudhuria sherehe nyingi zaidi. Namzungumzia aliyetunza sare za bendi, aliyefungua maktaba saa moja asubuhi, aliyepewa funguo za chumba cha kompyuta. Akikosekana siku moja, kuna mtu anauliza yuko wapi. Vyuo hivi vinajua sana kukaribisha. Penye udhaifu ni siku ya tatu.

Liko na jambo la fedha, ambalo naona aibu kuliweka mwisho kwa sababu kwa wengi ndilo la kwanza. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa vyuo hivi hupata ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wenye kipato kidogo, na ruzuku hiyo haitoshi. Mwaka 2011 serikali ilipokaza masharti ya mkopo unaochukuliwa na wazazi, vyuo vya Weusi viliumia sana, na maelfu ya wanafunzi waliokuwa tayari wana marafiki, vyumba na masomo waliyoyapenda walijikuta hawawezi kurudi. Huwezi kusema kijana alishindwa kujichanganya na wenzake wakati kilichomtoa ni deni la dola 900. Karibuni tujadili.

Mti Mkavu

Ndugu Mkwezi, uzi umeshiba, lakini naomba nikupinge kidogo. Mimi nilisoma Nairobi, nikiwa wa kwanza katika ukoo wetu wote kuvuka kidato cha nne, na hayo ya kuogopa ofisi ya mhadhiri na ya kuufungua mdomo bila kuimba yalinipata neno kwa neno. Hakuna aliyekuwa na rangi tofauti na yangu. Sasa nikuulize, kuna kitu gani hapa ambacho ni cha vyuo vya Weusi vya Marekani hasa, na si cha mtoto wa maskini katika chuo chochote duniani? Kama hakuna, huenda tunavibebesha vyuo hivyo lawama ambayo ni ya elimu ya juu kwa jumla.

Mkwezi wa Pangani (mleta uzi)

Ndugu Mti Mkavu, pingamizi lako ni la haki na nitalijibu kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa sifa. Jacqueline Fleming alichapisha mwaka 1984 utafiti uliowalinganisha wanafunzi Weusi katika vyuo vya Weusi na wenzao katika vyuo vya Wazungu, akaona kwamba wale wa vyuo vya Weusi walikua zaidi kiakili na kwa kujiamini, ingawa vyuo vyao vilikuwa na fedha, maabara na majengo duni. Katika chuo cha Wazungu, mwanafunzi Mweusi hutumia nguvu nyingi kupima kila neno na kila jicho. Katika chuo cha Weusi mzigo huo hutuliwa mlangoni. Kwa hiyo silaumu. Ningekuwa na mtoto wa kumpeleka, ningempeleka huko.

Upande wa pili ndio unaojibu swali lako. Kijana mpweke katika chuo cha Wazungu ana maelezo ya upweke wake, na maelezo hayo, hata pale yasipokuwa kamili, humlinda. Hujiambia kwamba watu hawa hawakumzoea, kisha akatafuta wenzake. Kijana mpweke katika chuo cha Weusi hana maelezo hayo. Ameambiwa tangu siku ya kwanza kwamba hapa ni familia, na kila mtu anaonekana kuwa na furaha ya kifamilia, kwa hiyo asipoisikia furaha hiyo huhitimisha kwamba kasoro ni yake mwenyewe. Hasemi, kwa sababu kulalamika mbele ya ndugu ni utovu wa shukrani. Nimewaona wakija kuchukua fomu za kuacha chuo wakiwa na alama nzuri kabisa, na nilipowauliza sababu walisema tu kwamba mahali hapa ni pazuri, ila si pao.

Kule Nairobi, nadhani, hakuna aliyekuahidi kwamba chuo ni nyumbani kwenu. Ahadi ikiwa kubwa, pengo huuma zaidi.

Mti Mkavu

Hapo umenijibu. Sisi tuliahidiwa kitanda tu, na hata hicho tulilala wawili.

Mama Mapacha

Wanangu na ndugu zangu, nawasalimu kutoka Maryland. Mimi nina stashahada ya uuguzi niliyoipata Tanzania, na baba watoto hakwenda zaidi ya sekondari, kwa hiyo kwa kipimo alichokieleza mleta uzi binti yangu ni wa kizazi cha kwanza, ingawa yeye alikataa kuandikwa hivyo kwenye fomu akisema ninadharauliwa. Yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Weusi, saa mbili kwa gari kutoka hapa. Kila Ijumaa jioni namfuata na kila Jumapili namrudisha, kwa sababu anasaidia kuwaangalia wadogo zake ninapokuwa zamu ya usiku, na kwa kweli pia kwa sababu nyumba ikiwa haina sauti yake siwezi kulala. Mwenzake wa chumbani amemwambia kwamba yeye si mwanafunzi, ni mpangaji wa siku za kazi. Binti hakuniambia; nilimsikia akimsimulia mdogo wake. Naomba mnishauri. Je, namharibia?

Kuna jambo jingine dogo. Wenzake wanamuuliza yeye ni Mwafrika wa wapi, na akijibu kuwa alizaliwa Baltimore wanacheka, lakini si kwa ubaya. Kule Howard nimeambiwa Kiswahili kinafundishwa darasani, ila kwao hakifundishwi, na yeye amekuwa mwalimu wa bure wa ghorofa nzima.

Mwalimu Chaki

Mama Mapacha, shikamoo. Nimefundisha nadharia za elimu Dar es Salaam kwa muda mrefu, na swali lako limegusa ugomvi mkubwa kabisa katika taaluma hii, kwa hiyo niruhusu niueleze kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1975 Vincent Tinto alitoa nadharia kwamba mwanafunzi hubaki chuoni au huacha kutegemea kiasi anachoungana na maisha ya chuo, kimasomo na kijamii. Katika kuikuza nadharia hiyo baadaye, aliazima kwa Arnold van Gennep, aliyechunguza jando na unyago na mila nyingine za kuvuka rika, wazo la hatua tatu: kutengwa na watu wako wa zamani, kukaa katikati usiwe wa huku wala wa kule, kisha kupokelewa upande wa pili. Ukiichukua nadharia hiyo kama ilivyokuja, Tinto angekushauri umwache binti avunje kamba ya nyumbani ili aweze kufunga ya chuoni, na utaratibu ule wa kuagana na wazazi unaonekana kama umetungwa na van Gennep mwenyewe.

Wakosoaji walikuja, na kwa maoni yangu walikuwa na hoja nzito. William Tierney alieleza mwaka 1992 kwamba jando ni la mila moja, ambapo wazee wa kijana ndio wanaompeleka porini na ndio wanaompokea akirudi. Chuo kinachomtaka kijana aache mila ya kwao aingie katika mila ya wengine hakimfanyii jando, kinambadilisha kabila. Naye Tara Yosso, katika makala yake ya 2005, aliorodhesha mali ambazo watoto wa jamii zilizodharauliwa huja nazo na ambazo chuo hakizihesabu, miongoni mwazo lugha zao, ndoto walizorithishwa na wazazi wasiokuwa na uwezo wa kuzitimiza, na nguvu ya familia yenyewe. Binti anayefundisha ghorofa nzima Kiswahili ameingia chuoni na mali. Na tafiti kadhaa baada ya Tinto zimeonyesha kwamba kwa wanafunzi wa aina hii uhusiano na nyumbani mara nyingi ndio unaowashikilia. Tinto mwenyewe alikuja kulikubali hilo.

Kwa hiyo, mama, humharibii kwa kumpenda. Ila Jumamosi ndiyo siku ambayo vyuo vile huishi: kuna mechi, kuna bendi, kuna vikundi vya kujisomea. Ukimchukua Jumamosi zote, wenzake wanafahamiana yeye hayupo.

Sasa namgeukia mleta uzi, kwa sababu kuhusu jembe sikubaliani naye sawasawa. Unapomsifu Booker T. Washington na fagio lake, usisahau kwamba msomi Mweusi W. E. B. Du Bois alipambana naye miaka mingi juu ya jambo hilohilo. Du Bois naye alikuwa mtoto wa kwanza kwao kufika chuo. Alilelewa na mama maskini katika mji wa Wazungu huko Massachusetts, akapelekwa chuo cha Weusi cha Fisk, Nashville, mwaka 1885 kwa michango ya makanisa, akahitimu 1888. Yeye hakupewa fagio, alipewa Kigiriki na Kilatini. Wamarekani Weusi wana kumbukumbu chungu ya kuambiwa kwamba elimu yao ni kazi za mikono, na mfano wa Tuskegee, chuo cha Alabama alichokiongoza Washington kwa msingi wa kazi za mikono, uliletwa hadi kwetu na tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ambapo serikali za kikoloni ziliupenda upesi sana, na sote tunajua ni kwa nini. Jembe mkononi mwa maskini na kitabu mkononi mwa mrithi, je, hilo ndilo unalolitaka?

Mkwezi wa Pangani (mleta uzi)

Mwalimu, marahaba kwa kunikosoa, ingawa ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Umenikamata mahali ambapo nilistahili kukamatwa.

Niseme hivi. Liko jembe la shambani mwa wenyewe na liko jembe la kibarua, na kwa mbali yanafanana. Mwanafunzi anayefanya kazi saa 30 kwa wiki katika mgahawa wa chakula cha haraka nje ya chuo, akirudi saa saba usiku ananuka mafuta, hajapewa jembe ninalolisema. Huyo anaibiwa muda wa kusoma na muda wa kujuana na watu kwa pamoja, na kusini mwa Marekani wako wengi. Ninalolisema mimi ni lile linalomweka kijana ndani ya mzunguko wa watu wanaojua mambo. Du Bois mwenyewe, alipokuwa Fisk, likizo za kiangazi alikwenda kufundisha watoto katika shule za vijijini Tennessee, na hiyo ilikuwa kazi, tena ndiyo iliyompa kuwajua Weusi wa kusini ambao hakuwa amekulia miongoni mwao.

Na jembe linaweza kuwa kitabu. Xavier cha New Orleans, chuo kilichoanza 1925 na ambacho ndicho pekee cha Kikatoliki miongoni mwa vyuo hivi, kinajulikana nchi nzima kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaokwenda kusomea udaktari, ilhali si chuo cha matajiri. Miongoni mwa siri zake ni kwamba masomo ya sayansi ya mwaka wa kwanza yamepangwa ili wanafunzi wasome kwa vikundi, wa juu wakiwafundisha wa chini, kiasi kwamba kujitenga ndiko kunakohitaji juhudi. Katika mpango wa namna hiyo kuungana kimasomo na kuungana kijamii, ambavyo wataalamu huvigawa mara mbili, huwa ni kitu kimoja kinachofanyika kwenye meza moja. Kijana anayeogopa ofisi ya mhadhiri haogopi meza ya wenzake, na siku ambayo yeye ndiye aliyeelewa hesabu ya kemia na wengine hawajaelewa, ugeni wake umekwisha.

Mfano mwingine ni Paul Quinn, chuo kidogo cha Dallas. Mwaka 2010, chini ya rais wake Michael Sorrell, kiliugeuza uwanja wake wa mpira wa Kimarekani kuwa shamba la mboga, katika mtaa ambao haukuwa na duka la kununulia chakula kizuri, na mwaka 2017 kikatambuliwa rasmi kuwa chuo cha kazi, ambapo wanafunzi hufanya kazi kama sehemu ya masomo na sehemu ya ujira hupunguza ada. Nafahamu, Mwalimu, kwamba hapo utaniuliza kama hiyo si Tuskegee iliyovaa koti jipya. Tofauti ninayoiona ni kwamba wanaofanya kazi ni wote, na kazi hizo ni pamoja na za ofisi za makampuni ya mjini. Kama warithi wangesamehewa shamba na maskini wakalima peke yao, ningekuunga mkono mia kwa mia.

Kinanda Kimoja

Wakuu, mbona hamjagusa vyama vya herufi za Kigiriki, yaani vyama vya undugu vya wanafunzi vinavyoitwa kwa herufi hizo? Nilisoma huko na ninaweza kusema kwamba maisha ya kijamii ya chuo cha Weusi bila vyama hivyo hayaelezeki. Viko tisa vikubwa, na vitano kati yavyo vilianzia Howard, kikiwemo Alpha Kappa Alpha cha mwaka 1908, ambacho Kamala Harris alijiunga nacho akiwa Howard. Kwa mtoto asiye na mjomba mwenye shahada, kupata kaka au dada wa chama ni kupata mjomba daktari na shangazi hakimu kwa mkupuo mmoja, na undugu huo ni wa maisha yote. Nilitafutiwa kazi yangu ya kwanza na mtu ambaye hakunijua kabisa, akaniona nimevaa pini ya chama.

Ila nitakuwa mnafiki nikinyamaza kuhusu bei yake. Kuna ada ya kujiunga ambayo kwa familia maskini ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, kuna mavazi, kuna safari, na kuna jambo la warithi alilolisema mleta uzi, kwa kuwa binti wa mwanachama huingia mlangoni huku wengine wakipitia dirishani. Kisha kuna mateso ya kuwapokea wapya, ambayo vyama vyote vimeyapiga marufuku na ambayo hayajaisha. Wala si vyama tu. Mwaka 2011 kiongozi wa gwaride la bendi ya Florida A&M, bendi mashuhuri kuliko karibu zote, alikufa baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi huko Orlando, na bendi ilisimamishwa hadi 2013. Ninaloliona ni kwamba anayehitaji sana kupokelewa ndiye anayevumilia zaidi. Mrithi anaweza kusema hapana akaenda zake, kwa sababu tayari ni wa kwao.

Mkwezi wa Pangani (mleta uzi)

Kinanda, sina la kuongeza. Hilo la mwisho nimelishuhudia zaidi ya mara moja, na ni sababu mojawapo ya mimi kusisitiza kazi ndogo kuliko undugu mkubwa. Maktaba haimpigi mtu.

Kijiko cha Nakuru

Nichangie jambo dogo la historia kwa sababu wengi hudhani sisi tumeingia katika vyuo hivi juzi. Mbiyu Koinange alikwenda Hampton mwaka 1927, Mkikuyu peke yake kati ya Wamarekani Weusi, na aliporudi Kenya baada ya masomo zaidi alishiriki kuanzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939. Naye Hastings Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi, alihitimu udaktari katika chuo cha Weusi cha Meharry, Nashville, mwaka 1937. Hao nao walikuwa wa kwanza kwao, tena bila simu ya kumpigia mama. Sasa swali kwa mleta uzi: mtoto wa daktari kutoka Kampala anayefika huko leo, kwa kipimo cha serikali si wa kizazi cha kwanza, lakini FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, hajawahi kuisikia. Huyo mnamweka wapi?

Mkwezi wa Pangani (mleta uzi)

Kwenye karatasi hatumweki popote, na hilo ni kosa. Nilikuwa na kijana wa namna hiyo, baba yake ni profesa huko kwao, akakosa muhula mzima kwa kutojua kwamba chumba cha bweni huombwa na kulipiwa amana mapema. Hakuuliza, kwa sababu mtoto wa profesa hatarajiwi kuuliza. Ila tofauti na msichana wangu wa Mississippi ni kwamba kijana huyo hakuwahi kutilia shaka kwamba anastahili kuwa pale. Alikosa taarifa, na taarifa hutolewa kwa dakika kumi.

Mama Mapacha

Nimerudi, nimesoma yote, na ninamshukuru Mwalimu kwa maneno yake. Tumekubaliana na binti kwamba atakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, na wadogo zake watakaa kwa jirani yetu Msomali siku za zamu yangu. Jumamosi iliyopita hakuja. Nilikaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alipiga saa nne usiku, akasema yuko jikoni kwenye bweni, wanapika chapati, na kwamba mlezi wa ghorofa amemwomba awe anasimamia jiko hilo kila wikendi kwa malipo kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayeliacha safi. Aliongea dakika tatu tu kisha akaniambia anaitwa.

Sasa nina swali la fedha. Kwenye akaunti yake ya chuo kumewekwa zuio kwa sababu ya dola 412 za bima ya afya, wakati mimi nina bima ya kazini inayomfunika. Wanasema hawezi kujiandikisha kwa muhula ujao. Yeye anaona aibu kwenda ofisini.

Mkwezi wa Pangani (mleta uzi)

Mama, hilo linatibika, na lisikunyime usingizi. Vyuo vingi humwandikia kila mwanafunzi bima yao moja kwa moja, na aliye na bima nyingine anatakiwa kujaza fomu ya kuikataa kabla ya tarehe fulani ya muhula. Warithi huijua fomu hiyo kwa sababu mama zao waliijaza. Piga picha kadi yako ya bima mbele na nyuma, umtumie binti leo. Kesho asubuhi aende ofisi ya fedha, aseme kwamba anataka kuwasilisha uthibitisho wa bima kwa kuchelewa, na akiambiwa muda umepita aulize kwa upole ni nani mwenye mamlaka ya kumruhusu, aandike jina lake. Asiende peke yake. Amwombe yule mlezi wa ghorofa amsindikize. Mtu aliyemkabidhi jiko hatakataa kutembea naye hadi dirishani. Ukipata jibu utuletee hapa.